Mkono Chini ya Kitambaa
Sehemu ya Tisa

Hakukimeza.

Nalisema mapema kwa sababu wiki nzima hamkunipa usingizi. Msomaji mmoja ameniandikia kwamba Rifaat ni teja, na teja kidonge kikishamfika ulimini hadithi imekwisha. Mama mwingine ameapa hanunui tena gazeti hili ikiwa baba wa bibi harusi atakwenda kumwozesha mwanawe akiwa amelewa. Nunua tu, mama.

Tulipoachana, Maalim Shalabi, mnyapara wa selo namba nne, alikuwa amemkaba Rifaat taya kwa vidole viwili, na kidonge chekundu kimetua juu ya ulimi. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Ndoa ilikuwa saa nne, ofisini kwa mkuu wa gereza.

"Meza."

Rifaat akakisukuma kidonge kwa ulimi hadi nyuma ya gego bovu, akameza mate matupu. Koo likapanda, likashuka.

"Fungua."

Akafungua. Shalabi akachungulia haraka haraka, akaridhika, akamwachia taya.

"Sasa hutatetemeka mbele ya wakwe. Sikiliza tena, maana akili yako ina matobo. Sheikh atawashikanisha mikono, wewe na mkweo, halafu atafunika kwa kitambaa cheupe. Nani anafunua kitambaa cha ndoa? Hata mkuu wa gereza alizaliwa na mama. Kijana anakuachia kifurushi kiganjani, wewe unafumba ngumi, unalia kidogo kama baba, unajifuta machozi kwa mkono wa gwanda. Kwisha kazi."

"Wagdi hawezi kukubali," Rifaat alisema. "Yule kijana anaziba matairi. Hata sigara haijui."

"Ameshakubali, bwana wewe! Vijana wangu walimfuata gereji wakamwambia, mkweo anaumwa arosto, dawa huko ndani hakuna, amekutaja wewe kwa kuwa huna maneno mengi. Kijana akalia. Wallahi akalia! Mkwe umepata, Rifaat. Wangu mimi hata salamu haniletei."

Wafungwa wawili watatu wakacheka. Rifaat akahisi uso unamwaka moto. Wagdi anajua. Kijana anayemwita "mjomba" kwa heshima zote, anayeinamisha kichwa akimpa mkono, anajua kwamba mkwe wake ni mla vidonge.

"Na binti yangu?"

"Hajui. Bado."

Hilo "bado" ndilo lililomkata maini.

Kwa wale waliojiunga nasi njiani: Rifaat aliendesha lori la viazi miaka ishirini na miwili, Tanta hadi Kairo, Kairo hadi Tanta, na kilichomfumbua macho barabarani ni hicho kidonge chekundu ambacho madereva wanakiita stroberi. Kwanza nusu, kisha kizima, mwisho vitatu kwa safari. Siku alipoikanyaga tuktuk na mtu akafa, alimwambia mwanawe, "Breki, binti'angu. Breki zilikataa." Amefungwa miaka mitano, ametumikia mitatu na nusu, na hadi leo neno ni hilo hilo. Breki.

Jina lake limo kwenye orodha ya msamaha wa Idi. Zimebaki siku kumi na nane. Na Nihal, mtoto wake wa pekee, mshonaji nguo, alipoambiwa amwachie baba yake mdogo asimamie ndoa, alijibu ukoo mzima: "Baba yangu hajafa. Kama hawezi kuja kwangu, mimi nitamfuata aliko."

"Nikikataa?" Rifaat aliuliza.

"Kataa. Mwambie Basha, mkuu wa gereza. Kijana atakamatwa na kifurushi, ataletwa hapa hapa, na mimi mwenyewe nitampimia nafasi ubavuni kwako. Shibiri na ngumi."

Shibiri moja na ngumi moja ndio upana wa mtu mmoja kulala katika selo ile. Shalabi ndiye mwenye mkono wa kupimia.

"Na ukirudi mkono mtupu, usinililie. Zaghlul wangu yuko kwenye kibanda cha chai mbele ya lango. Wanawake wenu nao watakuwa hapo hapo, maana ndani anaruhusiwa bibi harusi tu. Simu moja tu." Akapapasa mkate wa jana uliokuwa chini ya mto wake, mkate wenye simu ndogo kama kidole gumba tumboni. "Atawatakia heri au atawatakia shari. Wewe ndiye utakayechagua."

Rifaat akaenda nyuma ya blanketi lililotundikwa chooni. Akakitema kidonge kiganjani. Kilikuwa kimeanza kuyeyuka, na uchungu wake ulimjaa mdomoni kote.

Ningependa kuwaambia kwamba alikitupa. Alikishikilia juu ya tundu la choo mara mbili, vidole vikakataa kufunguka. Alitaka kuushika mkono wa mkwe wake kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mkono wa stroberi. Hilo alilitaka kwa moyo wote. Lakini kukitupa hakuweza. Akakipenyeza kwenye kijitundu cha pindo la mkono wa gwanda, kikateleza ndani ya mshono, kikapotea.

Ni mazoea ya miaka ishirini na miwili. Mashati yake yote yalikuwa na vijitundu pale.

*

Sajini Abdelwadud alikuja kumchukua saa tatu na nusu.

"Bwana harusi yuko wapi?"

"Mimi ni baba wa bibi harusi, sajini."

"Basi tembea kama baba. Mbona unakokota miguu?"

Arosto ilikuwa imeshaanza. Mnaoijua mnaijua, na msioijua Mungu awaepushe. Miayo mitatu kwa mpigo, kisha makamasi, kisha jasho la baridi mgongoni ilhali jua linachoma uwanjani. Mifupa ya miguu ikawasha kwa ndani, mahali pasipokunika. Na hapo pindoni, vidole vinne kutoka kwenye kiganja, tiba ilikuwa imelala.

Alipokuwa akivuka uwanja akasikia sauti za wanawake nje ya ukuta. Mama yake Wagdi na mashangazi wanajaribu vigelegele, mmoja anaanza, mwingine anamnyamazisha: "Bado, we! Subiri watoke!"

Ofisini, Nihal alisimama. Gauni la rangi ya maziwa, amelishona mwenyewe. Baba yake alimtazama, akasahau hata kumsalimia mkuu wa gereza.

"Umekonda, Baba."

"Nawaachia wenzangu nafasi," Rifaat alisema, na Nihal akacheka, na kwa kitambo kile kidogo hapakuwa na gereza.

Amu Sabri, mdogo wake Rifaat, alikuwa amekaa karibu na sheikh wa ndoa, amevaa saa kubwa na suti. "Kaka, kama hujisikii vizuri mimi nipo. Tusimchoshe sheikh."

"Wewe ni shahidi, Sabri. Shahidi hukaa kimya."

"Nasema tu. Jasho hilo."

Wagdi alikuwa ndani ya koti jipya lililomkaa sawasawa, na mkono wake wa kulia ulikuwa ngumi.

Sheikh akawaketisha uso kwa uso, magoti yakagusana. Mkono wa kulia kwa mkono wa kulia, dole gumba kwa dole gumba. Rifaat akahisi kitu kikigonga kiganja chake. Kifurushi cha plastiki, kigumu, kidogo, chenye vipunje. Wagdi alikuwa amefumba macho.

Kitambaa cheupe kikashuka juu ya mikono yao.

"Sema nyuma yangu," sheikh akasema. "Nimekuoza binti yangu..."

"Nimekuoza binti yangu..."

"Ngoja!"

Ni mkuu wa gereza. Alikuwa ameegemea dirisha, akizungusha tasbihi, na sasa alikuja polepole hadi mezani.

"Huyu kijana tangu aingie hajafungua ngumi. Ameandika jina kwenye daftari langu kwa mkono wa kushoto. Kwani wewe ni wa kushoto, mwanangu?"

Wagdi aliinamisha kichwa.

"Basha, ni ndoa hii," sheikh akasema. "Kitambaa hakifunuliwi."

"Na hili, sheikh, ni gereza."

Rifaat hakufikiri. Angefikiri, pengine angejiokoa. Alivuta mkono wake kutoka chini ya kitambaa pamoja na kifurushi, akakiweka mezani mbele ya binti yake.

"Ni changu, Basha. Nimetoka nacho selo. Kijana hajui kitu."

Amu Sabri akafuta miwani ili aone vizuri. Rifaat aliinamisha macho kwenye viatu vyake na hakuthubutu kuyapandisha hadi usoni kwa Nihal, kwa sababu alijua atakachokikuta, na alikuwa amekimbia kukiona kwa miaka.

Mkuu wa gereza akapasua plastiki kwa kucha.

Zikamwagika lozi tano. Lozi za sukari, nyeupe, zile zile zinazogawiwa harusini.

Wagdi alifumbua macho, na aliyeshangaa kuliko wote alikuwa yeye.

"Zangu hizo, Basha," Nihal alisema, sauti haitetemeki hata kidogo. "Baba hatakuja karamuni. Nikasema aonje japo lozi. Nilimkataza Wagdi asiseme, nikamtia hofu bure, samahani."

Rifaat akainua uso. Binti yake alikuwa akimtazama moja kwa moja, na pale pale akaelewa. Koti la Wagdi lilikuwa limepunguzwa mikono, na mshonaji wa nyumba ile ni mmoja tu. Amelishika lile koti. Ameukuta mzigo kwenye bitana. Ameubadilisha.

Anajua.

"Lozi," mkuu wa gereza alisema. Alikuwa mtu wa kukasirika akikosa alichokuwa na hakika nacho. "Na wewe unakiri lozi kwa sauti ya mtu aliyeua? Haya. Sheikh, maliza, nina kazi."

Basi angeshukuru Mungu, yakaisha. Kijana amesalimika, Idi ipo, siri imebaki siri baina ya watu watatu. Lakini sheikh alikuwa ameukamata mkono wa Rifaat ili aurudishe chini ya kitambaa, na sasa hakuuachia.

"Mkono huu unaruka kama kuku aliyechinjwa. Mboni zako, makamasi haya... Ndugu yangu, nimeozesha watu miaka thelathini. Umekunywa nini?"

"Homa, sheikh."

"Homa naijua. Nakuuliza mbele ya Mungu na mbele ya mashahidi: uko katika akili zako? Mlevi hamwozeshi mtu."

Kiti kikasogea. Amu Sabri alikuwa ameshasimama, ameshavua saa, ameshakunja mkono wa shati.

"Nilisema mimi! Tangu mwanzo nilisema. Nihal, mwanangu, usione aibu, mimi na baba yako damu moja. Kaka, sogea."

Rifaat akasogea. Kweli alisogea, nusu ya kiti. Ilikuwa rahisi hivyo. Angeondoka na homa yake, Sabri angeshika mkono, na baada ya siku kumi na nane angetoka langoni akiwa mtu wa breki.

Akamwona Nihal anaangalia ule upenyo wa nusu kiti.

"Sheikh," Rifaat alisema. "Sikunywa. Ndiyo maana natetemeka."

"Sijakuelewa."

"Ningekuwa nimekunywa, mkono huu ungetulia kama jiwe. Mimi ni mla vidonge. Tangu huyu yuko darasa la kwanza. Cha leo nilipewa, sikukimeza." Akaupapasa mkono wa gwanda, akaanza kung'ang'ana na pindo kwa vidole vilivyokataa kumtii. Uzi ukaponyoka. Akang'ata, akakosa. Machozi na makamasi vikawa kitu kimoja. "Kimo humu. Nisubirini. Kimo humu."

Nihal alipiga magoti mbele yake. Akaushika mkono ule, akauinamia, akaukata uzi kwa meno kama anavyokata nyuzi zote, akafinya mshono kutoka kiwikoni kuja chini. Kidonge chekundu, nusu kimeyeyuka, kikadondokea kiganjani mwake. Akakiweka mezani, kando ya lozi.

"Ulijuaje kilikoelekea?" baba yake alinong'ona.

"Mapindo yako alikuwa anashona nani, Baba?" Alikuwa analia sasa, waziwazi. "Miaka yote ile. Nilikuwa navikuta, navirudisha, nashona. Niliogopa nikivitoa utalala njiani. Breki, unaniambia mimi breki! Mimi ndiye niliyekushonea lile shati la siku ile."

Sabri akarudi kukaa.

Rifaat alijua aibu za kila namna, ya mahakamani, ya kuvuliwa nguo langoni, ya kupimiwa mahali pa kulala kwa ngumi. Hii ilikuwa mpya. Mwanawe alibeba mzigo wake tangu akiwa na miaka kumi na miwili, akaubeba kimya, akidhani unamweka hai.

"Nisamehe," alisema. Halikutosha, na hakuwa na jingine.

Sheikh alikitazama kile kidonge, kisha akaunyoosha upya mkono wa Rifaat juu ya mkono wa Wagdi. "Akili anazo," alisema. "Sabri, vaa saa yako. Tunaendelea."

Safari hii mikono ilikuwa mitupu chini ya kitambaa. Mmoja ulitetemeka, na mwingine uliushika kwa nguvu hadi ukatulia kidogo. Rifaat aliyatamka maneno yote hadi mwisho, na Wagdi akajibu, "Nimekubali," na Nihal akawa mke wa mtu.

*

Mkuu wa gereza alisubiri wino ukauke.

"Hongera. Sasa tuje kwangu. Nani alikupa hicho?"

Rifaat alitazama ukuta.

"Nakupa nafasi, Rifaat. Taja jina, jina lako libaki kwenye orodha."

Kibanda cha chai. Zaghlul. Wanawake pale nje wameshika vigelegele mdomoni.

"Nilikiokota, Basha."

"Umekiokota." Kalamu ikapita juu ya karatasi, mstari mmoja ulionyooka. "Idi yako ndiyo hiyo imekwenda. Na chumba cha adhabu, siku kumi na tano. Kimejaa leo, utaingia kesho asubuhi. Kwa sasa rudi selo yako."

"Basha, nipelekeni popote pengine. Hata jikoni. Hata nikae uwanjani."

"Kwa nini? Selo yako ina nini?"

Na hapo ndipo mtego ulipombana sawasawa, kwa sababu kulijibu swali lile ni kumtaja mtu.

Sajini akamshika bega. Rifaat akamgeukia Wagdi, akasema haraka haraka, "Tokeni upande wa barabara kuu. Msipite kwenye chai. Unanisikia? Msisimame kwenye chai!"

"Lakini mama yuko pale, mjomba. Wote wako pale."

"Tembea," sajini akasema. Nihal alimwahi mlangoni, akamtia zile lozi mfukoni, zote tano, na mlango ukafungwa katikati yao.

*

Selo namba nne walikuwa wanakula maharage. Vijiko vikasimama.

Shalabi hakuinuka. Aliketi mahali pake chini ya dirisha, mahali pa watu wanne, akanyoosha kiganja.

"Lete, baba wa bibi harusi."

Rifaat alisimama mbele yake, jasho linamchuruzika. Akatia mkono mfukoni. Akaweka lozi moja katikati ya kile kiganja.

"Kula, Maalim. Binti yangu ameolewa."

Mtu mmoja pembeni akacheka, akajuta. Shalabi aliigeuza lozi mara mbili kwenye mwanga, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu hadi ikaisha.

"Tamu," alisema.

Wakati huo huo vigelegele vikalipuka nje ya ukuta. Vya kweli sasa, vya kuachia koo, mama yake Wagdi anavianzisha na mashangazi wanavidaka. Selo nzima ikaduwaa. Mzee mmoja akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, watu wenye miaka kumi hawajasikia harusi. Rifaat alifumba macho. Alimsikia Nihal. Katika sauti zote zile aliisikia ya mwanawe, nyembamba, ya juu, inacheka na kulia.

Alipofumbua, mkate ulikuwa umepasuliwa vipande viwili. Shalabi alikuwa na simu sikioni.

"Zaghlul," alisema. "Mzigo haukuja."

Rifaat akamrukia. Watu watatu wakamlaza chini, shavu kwenye sakafu, goti mgongoni, na kutoka pale chini hakuweza kuona kitu, aliweza kusikiliza tu.

Nje, vigelegele vikakatika.